Mwongozo kamili wa kuandika tashtiti kuhusu maagizo ya uchumi na kazi mkoani

Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kukosa maagizo. Bei elekezi ya zao fulani. Wapakiaji wote wajiunge katika ushirika mmoja. Mahindi yasivuke geti bila kibali. Kila kijiji kiwe na shamba la pamoja. Vijana wanaoshinda vijiweni wakalime. Mengi ya maagizo haya ni ya mrengo wa kushoto: yanaingiza mkono wa serikali au wa ushirika kati ya mwenye fedha na mnyonge, ili mnyonge asionewe. Nia hiyo naiheshimu. Kinachonikera ni kwamba mara nyingi gharama yake humwangukia mtu ambaye agizo halikumtaja kabisa, na huku kwetu mtu huyo kwa kawaida ni mkulima.

Kazi ya tashtiti, yaani sanaa ya kukejeli kwa kuchekesha, ni kumtafuta mtu huyo na kumweka jukwaani. Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuandika risala ya kuchekesha, igizo fupi la mkutano wa kijiji, ngonjera, au maneno ya kibonzo kuhusu maagizo ya namna hii. Nauandika kwa sababu naona vipaji vingi Mbeya na Iringa vinaishia kumcheka kiongozi kwa tumbo lake au lafudhi yake. Watu wanacheka, wanatawanyika, na asubuhi agizo liko palepale.

Hatua ya kwanza: jua agizo ni la nani

Ukikosea hapa kazi yako yote inaanguka kwa sentensi moja ya afisa habari. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, hachaguliwi, na ofisi yake kazi yake kubwa ni kusimamia na kuratibu. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, na sheria ndogo hupitia baraza la madiwani. Kima cha chini cha mshahara hutoka kwa waziri mwenye dhamana ya kazi. Amri ya mwaka 2022, kwa mfano, ilianza kutumika Januari 2023 nchi nzima, na hakuna mkoa uliojipangia ya kwake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni matakwa ya sheria kwa kila halmashauri. Zuio la kuuza mahindi nje lililowabana wakulima wetu mwaka 2017 lilitoka serikali kuu.

Ukimtania mkuu wa mkoa kwa ushuru uliopitishwa na diwani wako mwenyewe, umemwonea mmoja na kumwachia mwingine. Kwa hiyo tafuta karatasi. Nenda kwa mtendaji wa kata au wa kijiji, angalia ubao wa matangazo, omba kuona sheria ndogo au barua. Kama agizo lilitolewa kwa mdomo kwenye mkutano wa hadhara, andika tarehe, mahali, na maneno yenyewe yalivyotamkwa, kisha yathibitishe kwa watu wawili waliokuwepo. Agizo lisilo na karatasi ni malighafi nzuri sana: geti linalodai fedha kwa nguvu ya hotuba ni igizo tayari.

Hapo hapo angalia kama agizo linapingana na sheria iliyopo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Mwandishi anayejua jambo hilo akikaa nusu saa tu kwenye geti anaondoka na mazungumzo ya igizo zima.

Hatua ya pili: fuata gunia, na uandike hesabu

Hatua hii ndiyo mwongozo wenyewe. Zilizobaki zinaitumikia.

Chukua agizo moja na ulifuate kuanzia shambani hadi mzigo unapoondoka. Tuchukulie mfano wa viazi vya milima ya Uporoto, vile vinavyopakiwa Isyonje na Uyole. Takwimu ninazotumia ni za mfano. Zako uziokote mwenyewe kwa kuuliza. Tuseme wapakiaji hulipwa shilingi 500 kwa gunia. Mkoa unaona ni uonevu, unaagiza walipwe 1,000, na kila mpakiaji awe mwanachama wa ushirika. Hakuna mwenye moyo atakayepinga. Kubeba kilo mia moja kwa mgongo, asubuhi ya baridi ya Juni, juu ya ubao unaoteleza umande hadi kwenye bodi la Fuso, ni kazi inayostahili zaidi ya shilingi mia tano.

Sasa piga hesabu. Fuso linabeba tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia. Zamani mnunuzi alilipa upakiaji 50,000. Kwa agizo jipya anatakiwa kulipa 100,000. Atafanya nini? Nenda uone. Anashona kipande cha gunia juu ya gunia, anaweka kilemba, na tani zilezile 10 zinaingia kwenye magunia 75. Kila moja sasa lina kilo 133 hivi. Analipa 1,000 kwa gunia kama alivyoagizwa, jumla 75,000. Hajavunja agizo hata kidogo.

Mpakiaji kapata? Ndiyo, na lazima ukubali. Kundi zima limeongezewa 25,000, ingawa mzigo wa kila safari ya mgongo umekuwa mzito zaidi na ada ya ushirika inasubiri. Lakini mkulima anauza kwa gunia, hauzi kwa kilo. Kama bei ni 60,000 kwa gunia, alikuwa anauza magunia 100 na sasa anauza 75 kwa viazi vilevile. Amepoteza 1,500,000. Kati ya hizo, 25,000 zimekwenda kwa mpakiaji aliyekusudiwa, na 1,475,000 zimebaki kwa mnunuzi, ambaye agizo lilikuja kumbana.

Hapo ndipo tashtiti ilipo. Huhitaji kubuni kichekesho, umeshakishika mkononi.

Ona pia kitu kingine ambacho mwandishi wa haraka angekipita. Lumbesa, yaani gunia la kilemba lililojazwa kupita kipimo, ni kosa tangu zamani. Kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kusimamia hilo. Kwa maneno mengine, dawa ya ugonjwa ilikuwepo, nayo ni mkono wa serikali vilevile: mzani kwenye kila kituo cha kupakilia na mtu wa kuusimamia. Mkoa uliacha mzani ukashika ujira, kwa sababu ujira unapigiwa makofi mkutanoni na mzani haupigiwi. Hilo ndilo la kulicheka. Ukiandika kwamba serikali isiingie sokoni kabisa, mkulima wa Isyonje atakuuliza nani atamwondolea kilemba, na hutakuwa na jibu.

Rudia hesabu hii kwa agizo lolote. Kwa wachumaji wa chai Mufindi au Rungwe wanaolipwa kwa kilo, uliza kilo ngapi zilikuwa kipimo cha siku kabla ya nyongeza, na ngapi baada yake. Kwa mikopo ya asilimia 10, fuata kikundi kimoja kutoka kuandika katiba hadi marejesho, uone wanachama wangapi walikutana siku ya picha peke yake. Kwa bei elekezi, uliza mnunuzi wa mwisho alipita lini baada ya bei kutangazwa. Andika kila namba pamoja na jina la mahali. Majina ya watu waliokueleza yabaki kwenye daftari lako, yasitoke humo.

Hatua ya tatu: wasikilize wazee kabla ya kuchekesha kuhusu ujamaa

Mara tu unapogusa ushirika wa lazima au shamba la pamoja, msikilizaji wako mwenye miaka sitini na kuendelea anarudi nyuma. Lazima ujue anarudi wapi.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwezi Mei 1972, hapa hapa Iringa, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitamka kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ikamilike kabla mwaka 1976 haujaisha. Mwaka huohuo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vile vilevile vilivyokuwa vya wakulima wenyewe, na vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Mwaka huohuo tena kukawa na Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, kabla ya maduka ya kijiji kuwa tayari kila mahali. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliokutwa mijini bila kazi inayotambuliwa wakapelekwa vijijini. Ukisikia leo kiongozi anataka vijana wa Mafiati au Mwanjelwa wazolewe wakalime, ujue maneno hayo yana umri, na mzee aliyekaa mstari wa mbele anayakumbuka kuliko wewe.

Lakini usije na hadithi ya upande mmoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Mkulima wa Songea au Sumbawanga alilipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya lori ilibebwa na shirika. Bei hiyo, pamoja na mbolea ya ruzuku, ndiyo iliyosaidia kuifanya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Shirika likaelemewa na madeni, wakulima wakacheleweshewa malipo, na mfumo ukavunjika. Wazee wengi wa Mbozi na Ludewa watakwambia mambo yote mawili kwa pumzi moja: bei ilikuwa nzuri, na stakabadhi ilikaa kwenye kopo miezi. Igizo linalobeba yote mawili litasikilizwa kwa makini. Linalobeba moja tu litaonekana ni la kijana aliyesoma mambo mjini.

Na kuna mahali pasipochezewa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima wa mahindi, Said Mwamwindi, katika mvutano wa kilimo cha ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa, akanyongwa. Familia mbili zilipoteza watu, na majeraha yapo hadi leo. Unaweza kuandika kwa ukali kadiri unavyotaka kuhusu amri za kilimo za wakati ule. Kifo cha yeyote kati ya hao wawili usikifanyie mzaha, wala usimtumie mmoja wao kumtisha kiongozi wa leo. Naona watu wakifanya hivyo mitandaoni na inaniumiza.

Hatua ya nne: chagua umbo ambalo watu wameshalizoea

Umbo bora kwa maagizo ya mkoa ni risala. Kila mtu ameisikia: kikundi kinasimama mbele ya mgeni rasmi, kinashukuru, kinataja mafanikio, kinataja changamoto, kinaomba. Muundo wake umejaa nafasi za kuweka hesabu yako. Na siri ni kumchagua msomaji. Usimpe mkulima aliyeumia. Kilio chake kitakuwa kilio tu. Mpe yule aliyenufaika bila kukusudiwa. Kwa mfano wetu wa viazi, wanaosoma ni wanunuzi:

“Ndugu mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Sisi wanunuzi wa viazi tunakushukuru kwa moyo mkunjufu kwa kuwajali wapakiaji. Kabla ya agizo lako, gunia lilikuwa fupi na limedumaa. Sasa limekua, limenenepa, limevaa kilemba. Mkulima naye umempunguzia kazi: alikuwa akihesabu hadi mia, siku hizi anaishia sabini na tano, anarudi nyumbani mapema. Changamoto yetu ni moja tu, ndugu mgeni rasmi. Tunaomba agizo la pili lisichelewe.”

Angalia kwamba kila kicheko kimesimama juu ya namba. Gunia limekua: kilo 133. Sabini na tano: magunia. Agizo la pili: faida ya milioni moja na nusu kasoro. Ukiondoa hesabu, sentensi hizo zinabaki maneno matupu. Risala isizidi dakika nne ikisomwa kwa sauti, na ombi la mwisho liwe fupi kuliko yote.

Ngonjera inafaa pale ambapo wanyonge wawili wamegonganishwa. Ngonjera zilitumika sana kueneza Azimio, kwa hiyo wazee wanaijua sauti yake: mmoja haelewi, mwingine anamwelimisha, mwisho wanakubaliana. Weka mkulima na mpakiaji, kila mmoja na ubeti wake, na uwaache wagundue polepole kwamba wanalaumiana bure. Hapo huhitaji kumtaja kiongozi hata mara moja.

Kibonzo kinataka kitu kimoja tu. Gunia lenye kilemba likiwa limeshika kadi ya uanachama wa ushirika linatosha.

Hatua ya tano: lugha, na mipaka ya utani

Kusanya maneno ya maofisini kama yalivyo: kuanzia leo, hatutamvumilia yeyote, wadau, mchakato, fursa, kero, tumejipanga, upembuzi yakinifu. Yatumie kwa usahihi uleule wanaoyatumia wao. Ukiyakuza kidogo tu yanageuka maigizo ya shuleni na msikilizaji anaona mkono wako. Sentensi ya mkuu wa kaya ambaye “amejipanga kimkakati” kununua chumvi inachekesha kwa sababu neno liko sawasawa kabisa. Mahali pake ndipo pamehama.

Sisi tunao pia utani. Mtani anaweza kusema msibani jambo ambalo ndugu hawezi, na Wahehe na Wangoni wanajua vizuri jinsi vita vya karne ya 19 vilivyogeuka kuwa ruhusa ya kutaniana. Mhusika mtani ni zawadi kwa mwandishi: anaingia kwenye igizo, anamsalimia mzee “Kamwene, baba”, kisha anauliza swali ambalo mkutano mzima unaliogopa. Lakini mtani ana adabu yake. Hutanii lafudhi ya Mnyakyusa mbele ya watu wasiojua utani huo, hutanii ulemavu, dini, wala ugonjwa. Na usimcheke mpakiaji, mama muuza ndizi wa Tukuyu, wala machinga. Wao hawakuandika agizo.

Mkoa upe jina la kubuni, viongozi uwape vyeo bila majina. Wenyeji watajua.

Hatua ya sita: ijue sheria kabla haijakujua

Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa maoni. Tegemea hapo, lakini soma na yafuatayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo tashtiti yako ionekane wazi ni tashtiti tangu kichwa cha habari: andika “Igizo” au “Risala ya kubuni” juu kabisa. Usitengeneze barua yenye nembo ya serikali, hata kama ni ya kuchekesha kiasi gani. Ikikatwa na kusambazwa bila kichwa, ni taarifa ya uongo yenye jina lako. Usimwekee kiongozi halisi maneno ambayo hakuyasema.

Jua pia kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa, na wa wilaya, uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48 pale anapoona kuna kosa au hatari kwa amani. Naamini madaraka hayo yametumika vibaya mara nyingi mno kwa watu waliosema tu, na nasema hivyo bila kuficha. Kinga yako ni daftari: karatasi ya agizo, tarehe, hesabu, na mahali ulipoikusanya, vikae nakala mbili katika nyumba mbili. Ukitaka kuigiza mbele ya hadhara, toa taarifa kwa mwenyekiti na mtendaji mapema, kwa maandishi. Ukitaka kuendesha chaneli ya habari mtandaoni, ulizia kwanza leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano.

Hatua ya saba: isome kwa watu watatu

Kabla ya kuitoa, isome kwa sauti mbele ya mpakiaji, mkulima, na mtumishi wa halmashauri unayemwamini. Mpakiaji atakwambia kama umemdharau. Mkulima atasahihisha bei, na mara nyingi atakupa mstari mzuri kuliko wako. Uchukue, kwa ruhusa yake. Mtumishi ndiye muhimu kuliko wote. Asipocheka, sawa. Akisema “lakini hapo umetuonea”, muulize wapi hasa, na kama ana haki, futa. Akinyamaza muda mrefu kisha aseme “hayo yapo”, kazi yako imekamilika.

Kisha itoe mahali agizo lilipoumia. Risala ya viazi isomwe Isyonje siku ya gulio, kabla ya kwenda redioni. Mpelekee diwani nakala moja na hesabu zako ukurasa wa nyuma, zimeandikwa kavu bila mzaha, pamoja na ombi unalolitaka: kwa mfano huu, mzani uliopimwa na Wakala wa Vipimo kwenye kila kituo cha kupakilia, na ujira wa upakiaji uhesabiwe kwa kilo badala ya gunia. Akikujibu kwa barua, iweke kwenye daftari lilelile. Agizo likirekebishwa, rudi kituoni baada ya msimu mmoja, ufuate gunia upya kutoka shambani hadi kwenye bodi la gari, na uandike ulichokikuta.